Cha bure nacho kinataka mpango: dhana potofu kuhusu starehe wakati maisha yamepanda

"Tulikwenda pwani, tukarudi tumenuniana, na elfu thelathini imeteketea. Starehe ya bure haipo."

Kauli hiyo, kwa maneno hayo au yanayokaribiana nayo, sisi tunaofanya ushauri nasaha wa familia hapa Unguja tumeisikia mara nyingi mno, na tangu mchele na mafuta yapande bei tunaisikia karibu kila wiki. Wanaoisema si wavivu. Wamejaribu kweli. Ila ukiwauliza walitoka saa ngapi, siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, na walibeba nini, majibu yanafanana: walitoka saa 3 asubuhi, siku ya 15, na watoto watano na taulo mbili, wakaenda Jambiani. Mvuvi yeyote akisikia hivyo ameshajua walichokikuta. Bahari imekwenda zake mwambani, jua liko utosini, na watoto wanalilia soda.

Dhana: Kitu cha bure hakipangwi, mnaondoka tu

Hii ndiyo inayotuchosha, na ndiyo inayozaa nyingine zote. Harusi hupangwa kwa miezi, mpaka rangi ya sare. Pwani, "twendeni tu." Mahali pa kulipia, mwenyewe ameshakupangia kivuli, maji ya kunywa, choo na pa kukaa, na pesa unayotoa mlangoni ni malipo ya mpango huo. Usipolipa, kazi ya kupanga inabaki mikononi mwako. Usipoifanya utalipa tu, tena kwa bei ya mwenye shida.

Anza na maji. Bahari yetu hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku. Baina ya kujaa na kupwa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku wakati husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Siku ya 7 au 8, na ya 22 au 23, ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Sasa shika hili: siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa 4, asubuhi na usiku.

Siku ya mwezi mwandamo unaijua, au aliye karibu nawe anaijua. Ipunguze 1, zidisha kwa dakika 50, kisha jumlisha na saa 10. Siku ya 4, kwa mfano, ni 3 mara 50, yaani dakika 150, ambazo ni saa 2 na nusu. Basi maji yatajaa kama saa 12:30 asubuhi na saa 12:30 jioni. Ikifika siku ya 15 anza hesabu upya, uihesabu kama siku ya 1. Pemba ni hesabu hiyo hiyo. Ni hesabu ya mkono na huweza kukosea kwa saa nzima, kwa hiyo ukishafika muulize mvuvi wa hapo, yeye hakosei.

Upande wa mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu, bahari ya ndani ya mwamba ni ya kina kifupi, na maji ya bamvua yakipwa utatembea mwendo mrefu kabla ya kupata pa kuogelea. Hilo si kosa la bahari. Kupwa nako ni starehe kubwa kwa aliyekuja kwa ajili yake: vidimbwi vyenye samaki wadogo, kaa, mashimo ya pweza kwenye miamba, kina mama wakifunga mwani kambani. Vaa viatu vya plastiki vinavyofungwa, maana kandambili huchomoka kwenye tope na wale wadudu wa baharini weusi wa miiba mirefu hawasubiri. Toka na maji yanayokupwa, na yakisimama tu geuza urudi. Maji ya bamvua hujaa kwa kasi zaidi saa ya 3 na ya 4 tangu yaanze kujaa, na mifereji uliyoivuka kwa kifundo cha mguu hujaa kabla ya mahali ulipo. Mtu hujikuta kwenye kisiwa cha mchanga, nyuma yake maji ya kiunoni, mkononi mtoto.

Upepo nao uangalie. Kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba, hupiga mwambao wa mashariki usoni, mchanga unaingia machoni na bahari inachafuka. Wakati huo ufuate upande wa magharibi, Bububu, Mtoni, Chukwani, ambako kisiwa chenyewe kinakukinga. Kaskazi ikiingia, Desemba mpaka Machi, mashariki huwa patulivu zaidi kuliko miezi ya kusi.

Chakula kitoke nyumbani, na kiwe kigumu kuharibika. Kwa watu sita: muhogo kilo 2 uliochemshwa kwa chumvi na kufungwa kwenye taulo, bagia au mandazi, ndizi mbivu, chupa ya chai ya tangawizi, na dumu la maji lita 5. Usipike cha nazi. Muhogo wa nazi ukikaa saa tatu kwenye joto la gari huchacha, na hapo ndipo mnapoanza kununua chipsi. Nauli ihesabuni ya kwenda na kurudi, iwekwe mfuko wa mbali na pesa nyingine. Magari ya abiria ya shamba, yaani ya vijijini, huwa machache baada ya magharibi. Ukichelewa utakodi, na kukodi kumoja kunakula starehe ya mwezi mzima. Kama nauli yenyewe ni tatizo, chagua pwani ya kutembea kwa miguu. Mtu wa mjini ana Forodhani, na hesabu ile ile ya maji inamwambia lini vijana wa makachu watakuwa wanajirusha baharini kutoka ukutani, kwa sababu huruka maji yakiwa yamejaa. Kutazama hakuna tiketi.

Na jambo moja tunalolisema kwa msisitizo kila siku: baba na watoto wabebe, wachemshe, wakunje, waoshe. Starehe ya watu sita iliyojengwa juu ya uchovu wa mama mmoja aliyeamka alfajiri kupika si ya bure, bili ameshalipa yeye, na ugomvi wa kurudi mmenuniana hapo ndipo unapoanzia.

Ukitaka siku moja ya kujaribu, chukua siku ya 15 ya mwezi mwandamo, mwambao wa magharibi. Salini alasiri nyumbani, mfike maji yanapojaa saa 10, muogelee mpaka saa 11 na nusu, mle. Jua letu huzama baina ya saa 12:10 na 12:50 kwa mwaka mzima, na siku hiyo mwezi mpevu hutoka mashariki karibu na wakati huo huo, nyuma ya minazi. Watoto wageuzeni wauone unavyopanda, mwekundu kwanza, kisha wa manjano. Wengi wamezaliwa kisiwani na hawajawahi kusimama dakika kumi kuutazama.

Dhana: Pwani ni ya watalii

Hapana. Tafuta njia wanayopita wavuvi na wakulima wa mwani, iko baina ya kuta za hoteli katika vijiji vingi, na upite hiyo. Usikae kwenye viti vya watu, usiache taka, vaa unavyovaa kwenu. Ukizuiliwa, muulize sheha, kiongozi wa serikali wa hapo kijijini, njia ya kijiji ni ipi kabla ya kugombana na mlinzi aliyeajiriwa kusimama pale.

Dhana: Simu ndiyo starehe ya bure

Hesabu bando lako la wiki, zidisha mara 4, linganisha na nauli ya familia kwenda Bububu na kurudi. Tumemaliza.

Dhana: Moyo ukitulia ndiyo nitatoka

Mpangilio uko kinyume. Mwenye huzuni au mwenye mawazo ya madeni akingoja hamu ije, hamu haiji, kwa sababu kujifungia ndani kunazidi kuiua. Katika tiba ya sonona kuna njia inayotumika sana ya kumpangia mtu vitendo vidogo vyenye raha au maana, kwa siku na saa maalumu, avifanye awe na hamu asiwe nayo. Kitendo hutangulia, moyo hufuata, tena taratibu.

Namna ya kufanya: andika vitendo 3 kwa wiki, kila kimoja dakika 20 mpaka 30, na siku na saa yake. Mfano, Jumatatu saa 12 asubuhi kutembea mpaka ufukweni na kurudi. Jumatano alasiri kwa shangazi. Ijumaa baada ya sala kukaa barazani. Kabla ya kuanza jipe alama ya raha, 0 mpaka 10, na ukimaliza jipe tena. Usitarajie 9. Kutoka 2 kwenda 4 ni mabadiliko makubwa kwa aliyekuwa hatoki kitandani. Wanaoshindwa huwa wameandika kitu kikubwa mno, au wameandika "nitatembea" bila ya saa.

Haya hayalipi deni wala hayashushi bei ya unga, na asikudanganye mtu. Na kama wiki 2 au zaidi zimepita hupati raha kwa chochote, usingizi umekukimbia, huli, au unawaza kufa, usiishie kwenye matembezi. Nenda kituo cha afya leo. Unguja tuna hospitali ya Kidongo Chekundu kwa maradhi ya akili. Jina lake linatiwa hofu mtaani kwa ujinga tu, na watu wanachelewa mpaka mambo yameharibika.

Dhana: Kukaa baraza ni umbea na uvivu

Inategemea mnakaa kufanya nini. Bao, karata, dhumna, kahawa na kashata: mtu anatoka nyumbani kwake, anaulizwa hali, akikosekana siku mbili anatafutwa. Uani, wanawake wanasuka ukili alasiri, mikono inafanya kazi na midomo inapumua. Weka masharti matatu: kusiwe na kamari, kusiwe na kumsengenya asiyekuwepo, na iwe na saa ya kumalizika.

Dhana: Watoto hawaridhiki mpaka wanunuliwe

Mtoto asiyeridhika mara nyingi ni mtoto aliyekabidhiwa kitu kilichokwisha kutengenezwa. Mpe chelewa, zile njiti za makuti, na gazeti. Tiara, yaani kishada, inataka chelewa mbili zilizonyooka, moja sentimita 60 na nyingine 50. Zipishanishe msalaba, ile fupi ikae sentimita 18 kutoka juu, funga kwa uzi mpaka isicheze. Zungusha uzi kwenye ncha nne kupata umbo. Gundi ni vijiko 2 vya unga wa ngano kwa nusu kikombe cha maji, koroga juu ya moto mdogo mpaka iwe nzito kama uji, iache ipoe. Kata gazeti lizidi uzi kwa sentimita 2 kila upande, kunja, bandika, anika kivulini, juani hujikunja. Funga uzi mmoja legevu kutoka ncha ya juu mpaka ya chini, na uzi wa kurushia uufunge juu yake, theluthi moja kutoka juu. Mkia ni vitambaa vya kanga kuukuu, upana sentimita 3, urefu mita 2 na nusu mpaka 3.

Kusi ndio wakati wake, alasiri, kwenye uwanja usio na minazi wala nyaya za umeme. Ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi, ongeza. Ikikataa kupanda kabisa, mkia ni mzito au fundo la uzi limeshuka chini mno, lipandishe vidole viwili. Ikielemea upande mmoja, pima ile chelewa ya kupita: upande mmoja umezidi, au mmoja ni mnene, ukwangue kwa kisu kidogo kidogo na uijaribu tena.