Prosesa ikishusha kasi kwenye jaribio, si lazima iwe mbovu

Wengi wakiona kasi inashuka katikati ya jaribio la Cinebench (programu ya kupima nguvu ya prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta) husema kompyuta mpakato imeingia virusi, au prosesa imekufa. Mara nyingi si hivyo. Chukua prosesa ya Intel Core i7-8550U: ile kasi ya 4.0 GHz inayotangazwa ni kilele cha muda mfupi tu. Kasi yake ya msingi ni 1.8 GHz kwa wati 15. Jaribio likianza, prosesa huruhusiwa kuvuta umeme zaidi, mara nyingi kwa sekunde 28 hivi, kisha hurudishwa kwenye kikomo alichoweka mtengenezaji. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Chomeka chaja, fungua HWiNFO (programu inayoonyesha vipimo vya ndani ya kompyuta), endesha jaribio dakika 10, na usome namba tatu kwa pamoja: joto, wati na kasi. Wati zikitulia kwenye 15 na joto likiwa nyuzi 75, ni kikomo cha umeme. Joto likigonga nyuzi 100 huku wati zikishuka chini ya 15, upoozaji umezidiwa: toa vumbi kwenye feni na mapezi ya chuma ya kupoozea, kisha ubadilishe pesti ya joto (ile inayopakwa juu ya prosesa ili joto lipite kwenda kwenye kipoozeo), kiasi cha punje ya mchele.

Kasi ikiganda kwenye 0.4 hadi 0.8 GHz hata kwa nyuzi 50, shuku chaja isiyotambuliwa au betri iliyochoka. Bodi kuu ya kompyuta ndiyo inayoiamuru prosesa ijizuie, na hapa ndipo watu hupoteza pesa kwa kubadilisha pesti bure. Jaribu kwanza chaja yenye wati sahihi, kabla ya kugusa bisibisi.