Je, wajua kwa nini wimbo mmoja wa bendi ya harusini huchukua robo saa?

MC ametangaza zawadi. Upande wa bibi harusi wanakuja mbele, mstari mrefu wa vitenge vya sare, wa kwanza kabeba boksi la vyombo kichwani, wa mwisho hata hajainuka kitini. Hawatembei, wanacheza: hatua mbili mbele, moja nyuma. Kufika meza kuu ni kama mita 20, na shangazi hana haraka. Bendi inapiga kopi ya wimbo ambao redioni ni wa dakika 5. Sasa ni dakika ya 12. Mgeni mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba hawa jamaa wamesahau unapoishia.

Hawajasahau. Wanamsubiri shangazi.

Nimepiga gitaa la rithimu kwenye harusi za Dar es Salaam, na somo la kwanza nililopewa halikuhusu kodi (zile sauti zinazopigwa pamoja kwenye gitaa, si za TRA). Niliambiwa nitazame foleni. Wimbo unaisha zawadi ya mwisho ikishawekwa mezani, basi.

Kinachowezesha hilo ni jinsi rumba, muziki tunaoupiga, ilivyojengwa. Nusu ya kwanza ni ya taratibu, waimbaji wanasimulia, na beti zina idadi yake. Huwezi kuzirefusha bila kurudia maneno. Kisha linakuja chemko, ambalo Wakongo huliita sebene. Hapo waimbaji wanarudi nyuma kidogo na magitaa yanashika usukani. Rithimu na besi zinazunguka kwenye kodi tatu, do, fa na so, kisha zinarudi zilikoanzia. Mzunguko mmoja ni sekunde chache tu, na kwa kuwa mwisho wake ndio mwanzo wake, unaweza kuukata popote au kuuendeleza hadi alfajiri. Mimi wa rithimu sibadilishi kitu. Mpiga solo ndiye anayebadilisha kipande kila baada ya mizunguko kadhaa ili sikio lisichoke, na mpiga dramu anatia msisitizo kila kipande kipya kinapoingia. Bendi kubwa za Kongo huongeza gitaa jingine katikati, mi-solo, linalosokota baina ya solo na rithimu. Sisi hatuna. Bajeti za kamati za harusi tunazijua.

Kiongozi akiona foleni imekwisha, ananyanyua mkono, solo anapiga kipande cha kufungia, tunakata pamoja.

Na huo wimbo wa redioni wa dakika 5, nani aliupima? Santuri ndogo za zamani zilibeba dakika tatu nne hivi kila upande, kwa hiyo nyimbo nyingi za dansi ziligawanywa vipande viwili: unasikiliza kisa, unageuza santuri, unapata chemko. Mara nyingi redio ilipiga upande mmoja tu. Santuri kubwa zilipowapa nafasi, wanamuziki walijiachia wenyewe: "Mario" ya Franco na bendi yake ya Kongo, TPOK Jazz, ya mwaka 1985, ni ya dakika 14 hivi.

Tukiwa hapohapo kwa Mario: huyo ni kijana anayelelewa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri, na ndiko tulikopata neno marioo. Bado kamati hutuomba tumpigie bwana harusi! "Sina Makosa" ya bendi ya Les Wanyika nayo ni ya mtu anayeshutumiwa na mwenzake kwa sababu ya mwanamke, na ukumbi mzima huinuka. Hakuna anayekereka, kwa sababu foleni inapochangamka maneno yamekwisha kitambo. Kilingala chenyewe tunakiimba kwa sikio. Mgeni mmoja kutoka Kinshasa aliwahi kuja jukwaani kuuliza, kwa adabu kabisa, ile ilikuwa lugha gani.

Kuna sababu ya pili, na hii ni ya mfukoni. Ndani ya chemko mwimbaji huanza kuita majina: baba mkwe, mwenyekiti wa kamati, mjomba aliyetoka Mwanza. Aliyetajwa hawezi kubaki kitini. Atakuja na noti zake, atamtunza mwimbaji pajini mwa uso, na kila noti inanunua mizunguko mingine. Kongo mtindo huu unaitwa mabanga, na huko majina huingizwa hata kwenye rekodi kwa malipo. Binafsi huniudhi solo nzuri inapofunikwa na orodha ya wajomba, ingawa nauli ya kurudi nyumbani usiku hutoka humohumo.

Mara moja tulikata mapema. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alibaki peke yake katikati ya ukumbi, mkeka begani, mguu mmoja mbele. Hakutembea. Alisimama palepale akitutazama mpaka besi ikaanza upya.