Kabla hujazima mfumo, jua nani anautumia na kwa kazi gani

Tangu Windows 10 iishiwe sapoti Oktoba 14, 2025, kampuni kubwa nyingi zimeamka kupunguza mifumo ya kompyuta, na huku kwetu Tanzania maswali ya upi uzimwe yamekuwa mengi, malalamiko ya wateja nayo yamepanda, hasa wale wanaotumiwa meseji za deni ambalo walishalipa. Naandika kama mkaguzi wa mifumo tu, sio msemaji, kwahiyo msichukue haya kama tafsiri rasmi ya sheria.

Hizo meseji mara nyingi hazitokani na uzembe wa mhudumu. Kaa naye dirishani nusu saa utaona. Anapokea malipo kwenye mfumo mmoja, anaprinti, anageukia skrini ya pili anaandika upya namba ya risiti kwenye mfumo wa madeni, foleni ikiwa ndefu anaziweka pembeni ataziingiza jioni. Kule mteja ni Juma Ally huku ni Ally Juma, na namba ya simu ya upande wa pili ni ile ya zamani ambayo siku hizi ina mtu mwingine kabisa. Juu ya hiyo mifumo miwili idara ya masoko nao wamenunua wa kwao bila kuwaambia TEHAMA, tawi lina seva chini ya meza, na mshahara unapita kwenye eksel ya mama mmoja anayestaafu mwakani.

Sasa bosi akisikia gharama anasema zizimwe nusu. Nusu ipi? Hili linanichosha kidogo, maana kila mwaka tunarudia: mfumo haupimwi kwa umri wala bei ya laiseni peke yake. Anza na kazi ya kampuni. Kama lengo la miaka mitatu ni mteja ajihudumie kwa simu, basi uliza kila mfumo unasaidia vipi hilo, nani mwenye nao upande wa biashara (sio TEHAMA, nasema upande wa biashara), na ukifa leo saa nne asubuhi nani atapiga simu kulalamika. Baada ya hapo ndo unagawa, huu tunaubakiza ulivyo, huu tunauongezea hela, huu tunauhamisha, huu unakufa.

Na jamani msiamini ripoti ya logini za miezi mitatu. Kuna programu haiguswi mwaka mzima halafu inaamka siku ya kufunga hesabu, ukiizima Septemba kwasababu "haina watumiaji" utakuja kujua umuhimu wake wahasibu wakikutafuta usiku.

Kuna wengine wanaona dawa ni kununua mfumo mmoja mkubwa na kuhamia wote kwa siku moja. Benki ya TSB ya Uingereza ilifanya hivyo Aprili 2018, wateja hadi milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65. Kuacha masalia nako kuna bei. Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, Agosti 1, 2012, ilikuwa na kipande cha programu ambacho hakikutumika miaka mingi ila hakikuwahi kutolewa kwenye seva, wakaweka toleo jipya seva moja ikasahaulika, kile kipande kikaamka na kuanza kununua na kuuza hisa chenyewe. Dakika kama 45, zaidi ya dola milioni 440 zimekwenda.

Kwahiyo kuzima kuna utaratibu, na hapa naomba msome taratibu. Mwenye mfumo anaandika barua ya kuomba kuuzima. Unaorodhesha mifumo yote inayopokea au kutuma data kwake, pamoja na zile eksel, kila upande unasaini. Unaubakiza wa kusoma tu, watu wasiingize kitu, mpaka hesabu za mwaka zifungwe. Unahamisha kumbukumbu unazotakiwa kutunza; za kodi Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka zisipungue miaka 5, na sio kuzitunza tu, ziweze kusomeka, maana bekapu ambayo programu ya kuifungua mmeshaifuta haitusaidii chochote. Unafunga akaunti zote za watumiaji, ikiwemo ya venda (aliyewauzia mfumo), halafu ndo unavunja mkataba wa laiseni, sio kinyume chake kama wengi wanavyofanya kuwahi bajeti.

Taarifa za wateja ni habari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu kukusanya wala kuchakata bila kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hairuhusu kukaa nazo kwasababu tu diski ina nafasi. Kuzifuta kiholela nako ni kosa. Diski iliyouzwa mnadani ikiwa bado na majina na namba za simu za watu ni kuvujisha, na kampuni ikitiwa hatiani kwa kutoa taarifa binafsi kinyume cha sheria faini inaweza kufika shilingi bilioni 5. "Ilikuwa seva ya zamani" sio utetezi. Na kama mnahamia seva zilizo nje ya nchi, suala la kibali cha kusafirisha taarifa limalizwe kabla ya kuhama. Taasisi za umma mna la ziada, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, muwaone eGA (Mamlaka ya Serikali Mtandao) kabla hamjatangaza tenda.

Maombi ya kuzima mfumo yasiyo na saini ya mwenye mfumo upande wa biashara, sisi wakaguzi tutaendelea kuyarudisha, hata kama mkurugenzi wa TEHAMA amesaini mara mbili.