Baridi yabisi haingoji kipupwe, hata kwa mbwa

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mtu ninayemheshimu sana: "Sasa jirani, Dar hii na joto lote hili, mbwa apate wapi baridi yabisi?" Mbwa mwenyewe kalala palepale kibarazani, ana miaka 11, kila akitaka kuinuka miguu ya nyuma inamponyoka kwenye marumaru, anajaribu mara mbili, mara tatu, mwisho anaacha tu analala. Na hakuna anayemsaidia kwa sababu jina la ugonjwa lina neno "baridi" na nje kuna jua.

Maana yake haraka haraka: baridi yabisi ni ugonjwa wa viungo kuuma na kukakamaa. Kwa mbwa na paka wazee inayowapata zaidi ni ile ya kulika, yaani gegedu, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa ili isisagane, linaisha polepole, kiungo kinauma, mnyama anaanza kukwepa kukitumia na misuli nayo inasinyaa kwa kukaa bure. Haiponi kabisa ila mnyama anaweza kuishi nayo vizuri tu akisaidiwa.

Sasa tuje kwenye neno, manake hapo ndo watu wanapotea. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, baridi unaijua, yabisi ni kavu, na ukavu wenyewe ule wa kukakamaa, ndo maana hata kitu kigumu kisicho maji wala hewa tunakiita yabisi. Kwenye tiba ya zamani, ile ya Wagiriki iliyopita kwa matabibu kina Ibn Sina (huyu alifariki 1037) ikaja mpaka pwani yetu, kila kitu kina tabia yake: moto ni joto na ukavu, hewa ni joto na unyevu, maji ni baridi na unyevu, udongo ni baridi na ukavu. Mwili nao hivyohivyo, vyakula hivyohivyo, na mpaka leo ukikaa na wazee wa Unguja au Lamu utasikia chakula fulani ni cha baridi usile ukiwa na mafua, wakati chakula chenyewe kimetoka jikoni kinafuka moshi. Pilipili ni ya moto hata ukiitoa kwenye friji, si ndiyo? Baridi ya kwenye "baridi yabisi" ni ya ukoo huohuo, wazee waliona kiungo kimekakamaa kama udongo uliokauka wakakiita kwa tabia ya udongo. Hawakuwa wanazungumzia hali ya hewa. Kweli asubuhi za baridi viungo huwa vinakaza zaidi, hilo silikatai, lakini kuzidisha na kuleta ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna wale wanaosema "ana gauti". Hili linaniumiza zaidi manake linamnyima mbwa nyama bure. Gauti, ambayo Kiswahili chake ni jongo, inatokana na asidi ya yuriki kujaa kwenye damu mpaka inaganda chembechembe ndani ya viungo. Sisi binadamu hatuna kimeng'enya (enzaimu) cha kuivunja asidi hiyo, mbwa anacho, kwa hiyo jongo kwa mbwa ni kitu cha nadra sana. Kuku ndo anaugua jongo kweli. Mbwa anayechechemea ukimnyima nyama umemwongezea shida tu, misuli yake inaihitaji hiyo protini, cha kupunguza ni unene, ugali mwingi na mabaki ya mafuta, kwa sababu kila kilo ya ziada inabebwa na goti lilelile bovu.

Mi nilijifunza kwa mbwa wetu Popi. Alikuwa anakuja mbio mpaka kwenye kizingiti cha sebuleni, pale zulia linapoisha na marumaru inapoanza, anasimama. Ananyoosha mguu mmoja wa mbele, anaigusa sakafu, kucha zinakwaruza, anaurudisha. Tulikuwa tunasema ameanza ukaidi wa uzeeni. Siku moja nikainama pale nikamwangalia karibu nikaona paja linatetemeka, anaogopa kuteleza. Nikatandika mkeka, ukateleza nao, mbaya zaidi, mpaka nikaweka chini yake vipande vya tyubu kuukuu ya gari ndo ukashika. Tukamkata kucha na manyoya ya katikati ya vidole, kwenye ngazi mbili za mlangoni tukaegesha ubao tuliopigilia gunia, na asubuhi ya kuinuka kwa shida tunapitisha kanga iliyokunjwa chini ya tumbo, karibu na mapaja ya nyuma, unashika ncha mbili unanyanyua kidogo tu huku yeye mwenyewe anatembea. Kulala tukampa sponji nene badala ya sementi. Jioni tunazunguka naye mwendo mfupi, kila siku, manake kiungo kikikaa bila kutumika kinazidi kukaza.

Paka ndo anasahaulika kabisa kwa sababu hachechemei waziwazi. Ataacha kurukia dirishani, manyoya ya mgongoni yatafungamana kwa sababu hawezi kujigeuza kujilamba, ataanza kukojoa nje ya beseni la mchanga na wewe utamchapa, kumbe ukingo ni mrefu kwake. Kata upande mmoja wa beseni uwe chini, weka kigoda chini ya dirisha, maji na chakula viwe palipo karibu.

Na tafadhali sana msiwape dawa za watu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka, ibuprofeni na diklofenaki zinachubua tumbo la mbwa na kumharibia figo. Daktari wa mifugo ana dawa zao za maumivu na anajua kipimo kwa kilo, na ndiye atakayekwambia kama ni baridi yabisi au mnyama kavunjika au uti wa mgongo una shida. Mbwa aliyekuwa anatembea jana leo anaburura miguu ya nyuma, huyo mkimbize kwa daktari leoleo, usimkalishe ukidhani ni uzee.

Kwa hiyo jirani yangu, endelea tu kusema baridi yabisi, neno ni letu na ni zuri. Ila lile blanketi ulilomfunika juzi mchana, mtoe, ana joto, alikuwa anahema. Likunje umtandikie chini, uweke na kitu cha mpira lisiteleze, kuanzia pale anapolala mpaka kwenye bakuli lake la maji.