Khon Husikilizwa Kwanza

Siku ya onyesho la khon, tamthilia ya Kitai ya vinyago na dansi, napika wali usioliwa. Naupika uwe bwabwa kabisa, nauponda pamoja na majivu mpaka unate, kisha nampelekea mpiga taphon, ngoma ya Kitai yenye ngozi pande mbili. Anabandika donge katikati ya ngozi, anagonga, anasikiliza, anabandua kidogo, anagonga tena, hadi mlio ushuke anapotaka. Onyesho likiisha, wali unatolewa na ngozi inapanguswa. Ukumbini Ulaya, vipasha joto vikiwaka, donge hukauka upesi, kwa hiyo naweka akiba ndani ya kitambaa kibichi.

Nimeanza na wali kwa makusudi. Tukimaliza kucheza, watazamaji huja nyuma ya jukwaa kuuliza habari za vinyago, na siwalaumu: nyani Hanuman mweupe, mfalme wa majitu Thotsakan wa kijani mwenye nyuso kumi, karatasi tabaka juu ya tabaka, dhahabu na vipande vya kioo. Lakini hebu fikiria maisha ya aliye ndani. Kinyago kimefunika kichwa kizima, matundu ya macho ni madogo, na nguo ameshonewa mwilini. Haoni sawasawa na hasemi neno. Maneno yote ya Ramakien, yaani Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, kwa namna ya Kitai, hutamkwa na waghani na waimbaji walioko pembeni. Wanaocheza wana wa wafalme na wanawake siku hizi huonyesha nyuso, ila nao hawasemi. Mchezaji wa khon anaishi kwa masikio.

Kazi hiyo ya kumwongoza ni ya piphat, kundi la ala: marimba, duara la patu, ngoma, matoazi, na pi, ambayo mtu wa pwani ataiona ni ndugu wa zumari, maana mpigaji wake naye huvuta pumzi puani huku akipuliza bila kukatiza. Piphat ina nyimbo ziitwazo naphat, na kila moja ina kazi yake. Samoe ni ya mwendo wa karibu. Choet ni ya safari ya mbali, kufukuzana au vita. Ot ni ya kilio. Tra nimit ikilia, ujue kuna mtu anajigeuza umbo. Aliyezikariri anaweza kufumba macho na kujua kisa kimefika wapi.

Mimi hupiga ching, matoazi mawili madogo mazito yaliyofungwa kwa uzi mmoja. Ukiyagonga na kuyaachia yanalia ching. Ukiyabana yanasema chap. Mkazo uko kwenye chap, mwishoni mwa mzunguko. Hapo ndipo hadhira ya Ulaya hupotea ikajipigia makofi kwenye ching. Sicheki, maana nami niliyefundwa muziki Tanga nilikosea hivyohivyo kwa miezi.

Ajabu ni kwamba wako wageni waliosikiliza mapema. Mwaka 1885 wanamuziki wa Mfalme Chulalongkorn wa Siam, jina la zamani la Thailand, walikwenda London kwenye maonyesho ya uvumbuzi, na Alexander Ellis, mtaalamu Mwingereza wa sauti, akapima sauti za marimba yao. Alikuta oktava imegawanywa hatua 7 zinazokaribia kulingana, si kubwa na ndogo kama za piano. Mwaka 1900 Mjerumani Carl Stumpf alirekodi kundi la Siam mjini Berlin kwenye silinda za nta, na hapo ndipo hifadhi ya sauti ya Berlin ilipoanzia. Mwaka huohuo Wasiam walicheza Saint Petersburg. Miaka 10 baadaye Fokine, mtunzi wa dansi Mrusi, alimtungia mchezaji wa baleti Nijinsky dansi ya Kisiam, kwa muziki wa Sinding, Mnorwei! Mikono waliichukua, sauti wakaiacha.

Mtindo huo haujafa. Waandaaji hutaka dakika 40, Hanuman akimfukuza Suphannamatcha, binti samaki, na muziki wa kurekodiwa kwa sababu piphat inakula nafasi. Kufupisha nakubali. Rekodi sikubali. Mpiga ngoma halisi hutazama mguu wa mchezaji na kumngoja. Rekodi haimngoji mtu.

Mara moja tulikubali, katika ukumbi ambao sitautaja. Hanuman wetu aliteleza katikati ya choet. Aliinuka haraka, lakini muziki ulikuwa umeshamaliza kufukuza, mghani yuko kwenye kutongoza, naye bado anakimbia, haoni vizuri, anatafuta wimbo ambao haupo tena. Watu walipiga makofi wakidhani ni kichekesho cha nyani.

Sasa mkataba wetu una mstari mmoja wa ziada: piphat iwekwe popote, hata chini ya jukwaa, mradi mwenye taphon aione miguu.