Seva ya majina imegoma kuwaka: dhana potofu na ukweli

"Mkongo umekatika." Tangu Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikasuasua nchini, ofisi za Mtwara na Masasi zina jibu la haraka kila tovuti inapogoma kufunguka. Kaa kwenye seva ya majina (DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) uandike `dig @127.0.0.1 localhost`. Ukiona "connection refused", mkongo hauhusiki: kwa kawaida BIND, programu inayoendesha seva hiyo, haijawaka kabisa, na sababu imeandikwa kwenye logi: `journalctl -u named`.

"Jana ilifanya kazi, faili ni zima." Dhana hii ndiyo inayokula muda kuliko zote. BIND husoma `named.conf`, faili lake la mipangilio, inapowaka au inapoamriwa kusoma upya, basi. Ukikosea kisha ukatoa `rndc reconfig` (amri ya kusoma upya), inalikataa faili na kuendelea na mipangilio ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu. Kosa hulala hapo hata wiki tatu. Siku umeme ukikatika na kurudi, seva inasoma faili upya, inagoma, na umeme ndio unaobeba lawama. Kwa Linux ya Debian au Ubuntu andika `ls -lt /etc/bind` uone faili lipi limeguswa karibuni. Kwa Red Hat tazama `/etc/named.conf`.

"Kosa liko kwenye mstari uliotajwa." Mara nyingi liko juu yake. Tuseme logi inasema:

`named.conf.local:14: missing ';' before 'zone'`

Mstari wa 14 hauna kosa. Nukta mkato imesahaulika baada ya `}` iliyofunga zoni (eneo la majina, kama la kampuni moja) ya kabla yake, labda mstari wa 12. Na usiweke `;` kuanzisha maelezo (maneno ya kumbukumbu ambayo BIND huyaruka) humu, hiyo ni ya mafaili ya zoni; hapa tumia `//` au `#`.

"`chmod 777` itamaliza." Hapana. Amri hiyo humruhusu kila mtu kusoma na kubadili faili, na `named.conf` huenda ina funguo za siri. Kwa Red Hat mmiliki ni `root:named`, ruhusa 640 (mmiliki husoma na kuandika, kundi husoma tu). Kama ziko sawa na bado unapata "permission denied", shuku SELinux, ulinzi wa Linux unaofuata lebo za mafaili: faili lililoandikwa `/root` likahamishwa kwa `mv` huja na lebo ya kule. Rudisha lebo sahihi kwa `restorecon -v /etc/named.conf`.

"`named-checkconf` imenyamaza, tuko salama." Amri hii ya ukaguzi imekagua sarufi ya `named.conf` tu. Ongeza `-z` ili ipakie na zoni. Kwa Debian zoni mbovu haizuii BIND kuwaka. Majina ya zoni hiyo pekee ndiyo yatakayojibiwa SERVFAIL (jibu la hitilafu). Kwa Red Hat huenda ikaizuia, maana huduma hukagua zoni kabla ya kuiwasha. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha upya:

`named-checkconf -z && systemctl restart named`