Dende wakitoka jikoni, joto lao linabaki jikoni

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimekolea, mama mmoja wa Kabare aliniita. Mimi ni tekinisia wa mifugo hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na ni mimi niliyemshauri awatoe dende wake (Watanzania humwita simbilisi) jikoni, maana moshi unawachoma mapafu. Aliwajengea kibanda cha mbao uani, kizuri kwa macho. Wiki mbili baadaye vitoto vinne vilikuwa vimekufa, na dume alikuwa anapumua kwa shida.

Nilipoingiza mkono ndani nilielewa. Chini ni udongo mtupu, umelowa. Kati ya mbao upepo ulikuwa unapenya usawa wa vichwa vyao. Ushauri wangu ulikuwa nusu tu. Kule jikoni moto wa jioni ulikausha sakafu na kupasha ukuta hadi alfajiri, na sikumwambia aweke nini mahali pa moto huo.

Watu huniambia: dende alitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, atashindwa na baridi ya Bukavu? Baridi kavu anaivumilia kiasi. Lakini anastarehe kwenye digrii 18 hadi 24 hivi, na usiku wetu hushuka chini ya hapo, sembuse huko juu Kabare na Walungu. Kinachommaliza hasa ni maji. Manyoya yakilowa hayashiki tena hewa ya joto. Kitoto huzaliwa na manyoya na macho wazi, kinatembea siku hiyo hiyo, kwa hiyo tunadhani kimekomaa. Kina gramu 60 hadi 100 tu, na mwili mdogo hupoa upesi.

Basi anza na sakafu. Inyanyue juu ya ardhi, halafu tandika nyasi kavu au majani makavu ya migomba, unene wa shubiri nzima, wajichimbie ndani. Toa yaliyolowa kila asubuhi. Ukiinama ukasikia harufu ya mkojo inakuchoma pua, ujue wao wanaivuta usiku kucha, na mapafu yaliyochomwa hivyo hupata nimonia kwa urahisi. Ndani ya kibanda weka sanduku dogo lenye mlango mmoja. Watabanana humo na kupashana joto. Ziba nyufa za chini, lakini acha tundu chini ya manjanja (mabati ya paa), unyevu upate pa kutokea. Wengi hufunika kibanda chote kwa sheeting (turubai la plastiki), asubuhi wanakuta matone yananing'inia ndani.

Mbabula (jiko) ya makala usiiweke kibandani hata usiku mmoja. Hewa yake inaua kimya, wanyama na watu. Usiku wa baridi kali jaza bidoni (dumu la plastiki) maji ya moto, ifunge vizuri, izungushie kitambaa nene, iweke pembeni ya sanduku.

Chakula nacho ni kuni. Majani yanapochacha tumboni hutoa joto, kwa hiyo wape ya kutosha jioni. Yaliyokatwa kwenye mvua yaanike kwanza yanyauke, yasiwavimbishe tumbo. Kiangazi, Juni hadi Agosti, tatizo linageuka: nyasi zimekauka, na dende hawezi kujitengenezea vitamini C. Anahitaji kama miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mwenye mimba hadi 30. Matembele mabichi yanasaidia sana, hata kiganja kimoja.

Na akianza kukohoa, tafadhali msimpe kapsuli ya amoksisilini iliyobaki ya mtoto. Inaua vijidudu vinavyomsagia majani tumboni, na yeye mwenyewe anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwiteni veterineri.

Dume yule wa Kabare tulimtenga kwenye kapu kavu ndani ya nyumba, mbali na moshi, nikampa sindano ya dawa anayoivumilia. Siku ya tatu alitafuna jani.